Binti Aliyebaki na Mbwa

Tulikwenda Bagamoyo, wanakwaya na wazee wa kanisa kutoka Ifakara, kwa basi dogo la kukodi. Mzee mmoja alibeba mbwa wawili wadogo wa kumpelekea ndugu yake huko. Familia nyingine ilikuja na binti wa kazi, ili ambebe mtoto. Tuliposimama Mikumi mbwa walipewa maji na vipande vya nyama, na karibu kila mmoja wetu aliinama kuwatazama kama safari imewachosha. Binti hakuulizwa kama amekula.

Bagamoyo tulitembezwa Caravan Serai, ilikopumzika misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka bara. Tukaenda Misheni ya Wakatoliki, iliyoanza mwaka 1868, ambako mapadre waliwakomboa watoto watumwa kwa fedha. Mbele ya minyororo tulinyamaza, wengine walilia. Kisha tukapiga picha, na baadhi yetu, Mungu atusamehe, tuliunganisha mikono kama waliofungwa huku tukicheka. Muda wote huo binti alikuwa kwenye gari, akiwalinda mbwa.

Njiani kurudi mazungumzo yalikuwa Waarabu, Waarabu. Walinunua, ndiyo. Walinunua kwa nani? Wapo watu wa bara waliowauza jirani zao. Na Walutheri tusijifiche: wamisionari wetu wa kwanza walifika Dar es Salaam mwaka 1887, na sheria ya kufuta utumwa Tanganyika ikatoka mwaka 1922. Kwa miaka 35 tulihubiri Injili katika nchi ambayo mtu aliweza kuwa mali ya mtu.

Leo tunasema, “Huyu wa kwangu ni kama mwanangu.” Mwanao analala jikoni? Mwanao anakuja darasa la Kipaimara. Binti anabaki kupika wali wa Jumapili. Tunafundisha Amri ya Saba kana kwamba inahusu kuku wa jirani tu, wakati Kutoka 21:16 inamtaja anayeiba mtu. Mshahara wa miezi mitatu unaosema “nimemtunzia”, naye akiuomba unakasirika, ni wizi. Kibarua aliyevuna mpunga wako, kisha ukamwambia asubiri bei ipande ndipo umlipe, umemwibia. Bonde hili linalisha watu wengi kwa mikono ya watu wa namna hiyo.

Tumeshaambiwa kwamba wachungaji tunaingilia mambo ya nyumba za watu. Tunapoitwa kubariki nyumba, mbona tunakaribishwa mpaka chumbani?

Sasa usharika unapanga safari ya Zanzibar, kuona mahali lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Orodha iko kwa mhazini. Tumemwagiza asipokee nauli ya yeyote anayedaiwa mshahara na binti wa kazi au kibarua wake. Akishalipa, aje ajiandikishe. Na binti naye aandikwe kwa jina lake, aingie ndani pamoja nasi.