Mbachangu Siuachi

Rafiki yangu mmoja wa Mji Mkongwe, mtu wa mashairi tangu utotoni na mwenye ulimi usiokosa chumvi, ameniletea barua ya kunilaumu. Lawama zake ni mbili. Ya kwanza, kwamba mimi, mzaliwa wa Unguja, nimeziacha haja zote za maana nikamwaga fedha zangu katika mkweche wa Kimarekani, tena huko Ngara, kwenye vilima vya mwisho wa nchi. Ya pili, na hii ndiyo iliyonichoma, kwamba hata huo mkweche nimeuharibu. Nimebadilisha hiki na kuongeza kile, hata sasa si kitu cha asili wala si kitu kipya. "Umelinajisi gari la watu," ndivyo alivyomalizia.

Naomba nimjibu hadharani, kwa kuwa najua si yeye peke yake mwenye mawazo haya. Na nianze kwa kumwonesha kwamba lawama zake mbili hazilali kitanda kimoja. Ikiwa gari ni takataka, basi hakuna aliyewahi kuinajisi takataka. Na ikiwa nimelinajisi, basi lilikuwa na utukufu, na fedha zangu sikuzimwaga. Achague moja, mbili hapati.

Gari lenyewe ni Willys, la aina ambayo Wamarekani huiita stesheni wagoni: bodi refu, paa lililonyooka mpaka mwisho, viti vya familia, na mlango wa nyuma wa kupitishia mizigo. Jina hilo lina kisa chake. Zamani magari ya namna hii yalikuwa ya kuwachukua abiria na masanduku yao kutoka stesheni za reli, na bodi zake zilikuwa za mbao, kazi ya maseremala. Ford alipoanza kuliuza la kwake mwaka 1929, bado lilikuwa la mbao. Ndipo mwaka 1946 kampuni ya Willys-Overland ya Toledo, Ohio, ikatoa la kwake lenye bodi zima la chuma, kwa mchoro wa Brooks Stevens. Na unajua, msomaji, walilipakaje rangi? Walilipaka rangi za kuigiza mbao! Chuma kile kilichorwa ubavuni kama kwamba bado seremala yumo kazini.

Basi namwuliza rafiki yangu: hiyo "asili" ninayodaiwa kuiharibu ni ipi? Ya chuma, au ya mbao iliyoigwa na chuma? Gari hili lilizaliwa likiwa tayari ni geuzo la gari jingine. Aliyelibuni hakuiacha mila, wala hakuisujudia. Aliichukua akaitia mkono wake. Na wewe, rafiki yangu, ulipokuwa mdogo ulipanda kwenda shamba katika magari yetu ya abiria yenye bodi za mbao: chesisi kutoka ng'ambo, na mgongoni mwake kibanda kilichoundwa na mafundi wetu wenyewe, mabenchi ubavu kwa ubavu na mizigo juu ya paa. Hukuniambia hata siku moja kwamba mafundi wale walinajisi lori la watu. Ulikuwa ukiliita "gari letu".

Gari hili nililinunua kwa mzee mmoja wa Ngara, naye alilipata kutoka ng'ambo ya mpaka. Usukani wake uko kushoto. Hilo halikumshangaza mtu yeyote huko, kwa sababu Ngara imepakana na Rwanda na Burundi, nchi ambazo Wabelgiji walizitawala pamoja kwa jina la Ruanda-Urundi hadi tarehe 1 Julai 1962, na ambazo magari yake hupita kulia. Pale Rusumo, maji ya mto Kagera yanapoangukia genge, dereva aliyekuja akishika kushoto huvuka daraja akaanza kushika kulia. Watu wa huko wamezoea kwamba kitu kinaweza kuwa sahihi upande mmoja wa mto na kuwa kinyume upande wa pili, nacho kisiwe kibaya popote. Sisi wa visiwani, tuliozungukwa na maji pande zote, tungelijua hilo zaidi yao.

Sasa nieleze hayo "maharibifu" yangu. Umeme wa gari ulikuwa wa volti 6, na taa zake usiku zilikuwa kama koroboi. Nimeutia wa volti 12, pamoja na balbu, koili na dinamo yake, ili betri ya duka lolote la Biharamulo iliweze. Springi za nyuma nimeziongeza pande moja moja, kwa sababu ya mizigo. Juu ya paa nimeweka keria ya bomba iliyochomelewa papo hapo Ngara. Kabureta, iliyokuwa ikimwaga petroli nyingi kwa hewa nyepesi ya vilima na kutoa moshi mweusi, imerekebishwa. Sakafu ya nyuma, iliyokuwa imeliwa na kutu, imetandikwa mbao za mninga zilizorandwa vizuri. Injini ni ile ile ya silinda nne. Sanduku la gia ni lile lile. Umbo halikuguswa. Haya ndiyo yote.

Kazi hii si yangu bali ya fundi mmoja ambaye sitamtaja, kwa kuwa hakuniomba nimtaje. Ufundi wake aliupata Benaco. Wasomaji wa makamo watalikumbuka jina hilo, lililotokana na kampuni ya Kiitalia ya ujenzi wa barabara. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa muda wa kama siku moja wakikimbia mauaji ya Rwanda, na Benaco ikageuka mji wa maturubai. Magari meupe ya mashirika ya misaada yakaja kwa wingi, yakavunjika kwa wingi, na vijana wa Ngara wakajifunza kuyaunga. Mwisho wa mwaka 1996 wakimbizi wa Rwanda walirejeshwa kwao, na magari meupe yakapungua. Kilichosalia ni mikono iliyojifunza. Fundi wangu anaweza kukata gasketi kwa mkasi kutoka karatasi ngumu na isivuje. Anaweza kuisikiliza injini akiwa amefumba macho, kama vile mpiga udi asikiavyo uzi uliolegea. Je, mikono hiyo ifanye kazi gani ikiwa kila kilichovunjika kitatupwa?

Wapo wanaonilaumu kutoka upande mwengine. Alinijia mgeni mmoja, mkusanyaji wa magari ya kale, akataka kulinunua alipeleke kwao, alirudishe "kama lilivyotoka kiwandani". Bei aliyoitaja ilikuwa nzuri, wala sitasema uongo kwamba haikunitetemesha. Nina watoto wanaosoma. Lakini aliposema kwamba mbao za mninga atazing'oa kwanza, na keria ataitupa, nilielewa anachokinunua. Alitaka gari lisilowahi kufika Ngara. Alitaka kuifuta miaka yote lililobeba ndizi, wagonjwa, maharusi na majeneza katika njia ya kutoka Ngara kupita Benaco na Nyakahura hadi Lusahunga. Kwake yeye, maisha ya gari ni uchafu wa kusafishwa.

Sisemi kwamba makumbusho ni upuuzi. Nimesimama mwenyewe katika Beit al-Ajaib mbele ya mtepe ulioundwa upya, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila ya msumari, na moyo wangu ulijaa. Lakini ulikuwa mtepe uliosimama nchi kavu. Kisha, tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya jumba lenyewe ikaporomoka. Siwacheki wenye jumba; ni jumba langu pia. Nasema tu kwamba kuta peke yake hazihifadhi kitu. Kinachohifadhi ni mkono unaojua kazi, na mkono haujui kazi isipokuwa umepewa kazi. Jahazi lililotiwa mashine na bado linavua lina uhai kuliko mtepe ulio kamili usioguswa na maji.

Kwa wale wanaosema nilitupe nikanunue gari jipya kidogo la Kijapani, nakiri ya kukiri. Gari langu linakunywa petroli kama ng'ombe aliyefika mtoni. Breki zake zinataka dereva anayefikiri mapema. Serikali nayo ina haki kutoza ushuru wa uchakavu kwa magari makuukuu yanayoingizwa nchini, tusije tukawa jaa la ulimwengu. Lakini gari langu haliingizwi. Limekwishaingia, na wengi wetu hatujazaliwa. Haya madogo yanayosifiwa, nayo yalifika kwetu yakiwa yametumika na wengine, na sahani zake za kompyuta zikiharibika fundi wa kijijini hutikisa kichwa tu. Mwenye gari husubiri kifaa kutoka mbali, na akikikosa huliacha gari chini ya mwembe. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema mbacha ni mzuri kuliko msala. Walisema mbacha ni wako.

Na hapa ndipo penye neno langu kubwa. Kumiliki ni nini? Nadai kwamba mtu hamiliki kitu mpaka amekitia mkono wake. Kabla ya hapo amekikodi tu kutoka kwa aliyekiunda, hata kama amelipa fedha zote. Bibi zetu walilijua hili. Inasimuliwa kwamba leso za mkononi ziliposhuka bandarini kutoka ng'ambo, wao walizinunua zikiwa hazijakatwa, wakaziunga sita sita, wakajifunga. Ndipo kanga ikazaliwa, na baadaye ikapata na usemi. Hawakumwuliza mfumaji wa leso kama anaridhia. Siti binti Saad naye, mwaka 1928, alivuka bahari hadi Bombay akaimba kwa Kiswahili ndani ya mashine ya kigeni, na santuri zikarudi na sauti ya Unguja. Nani leo atasema mashine ile ilinajisiwa?

Lakini kuna kadiri, na bila ya kadiri hoja yangu yote inaanguka. Wapo wanaolinunua gari la kale wakalikata paa, wakalijaza taa za rangi na vipaza sauti vya kutikisa madirisha ya majirani, hata huwezi kujua lilikuwa nini. Hawa hawakulimiliki, wamelila. Kipimo changu ni hiki: mwenye gari wa kwanza akifufuka leo, alitambue gari lake kwa mbali, kisha akilikaribia aseme, "Kumbe mmeliongezea akili." Akishindwa kulitambua, nimelipoteza. Na akikuta halina badiliko hata moja, basi atajua kwamba sisi wote tuliokuja baada yake hatukuwa na haja wala fikra.

Mtu wa mashairi hataona ugeni katika kipimo hiki. Tangu E. Kezilahabi alipochapisha *Kichomi* mwaka 1974, tumezozana bila kikomo: hawa wakilia kwamba nyumba ya ushairi imebomolewa, wale wakidai kwamba ilikuwa jela. Nimezisoma hoja za pande zote, na naona jambo moja liliwapita wengi. Shairi la kale halikuhifadhiwa na wanaolinukuu, wala halikuuliwa na walioliacha. Limehifadhiwa na kila malenga aliyekaa ndani yake akagusa kidogo: kituo hapa, kina pale, neno jipya katika bahari ya zamani. Mtunzi anayerudia tu kilichotungwa ni mlinzi wa makaburi.

Sitaapa kwamba nitashinda. Fundi wangu amezeeka, na macho yake hayaoni uzi mwembamba wa waya. Siku injini itakapokataa kabisa, huenda nikatia ya gari jingine, na rafiki yangu atapata la kusema. Mwaka huu lakini amechukua kijana wa kumsaidia, na nimewakuta wote wawili wamelala chini ya gari langu wakibishana juu ya klachi. Lau ningelikubali bei ya yule mgeni, ubishi ule usingekuwapo.

Nimeandika maneno mawili kwenye mlango wa nyuma, kwa rangi nyeupe: "Mbachangu siuachi". Mizani nane kamili. Rafiki yangu ataihesabu, namjua. Watoto wa Ngara waliniuliza mbacha ni nini, nikawaeleza kuwa ni mkeka mkuukuu, na sasa wananiita kwa jina hilo kila nipitapo. Mmoja wao, akiwa darasa la tano, aliniambia kwamba maneno mawili hayatoshi, shairi linataka kipande cha pili. Ana haki. Upande wa kulia wa mlango bado uko wazi, nami nimemwambia aje na kipande chake na rangi nitampa mimi.