Ati Ndege Hujirusha Yenyewe?



Maneno haya tumeyasikia mara nyingi mno, na juzi tumeyasikia tena penye chai yetu ya saa nne, tena kinywani mwa mfanya kazi mwenzetu: ati rubani wa siku hizi hana kazi, hubonyeza kitufe kimoja ndege ikapaa, kisha hukunja mikono akingojea mshahara. Siku ile tulinyamaza kwa heshima. Leo hatunyamazi, maana maneno hayo si ya mwenzetu. Ni ya matajiri, naye ameyaokota tu njiani.

Kwanza tuseme kazi yenyewe ilivyo. Katika ndege za abiria tunazoziona zikipita juu ya karakana yetu, otopailoti haiiondoi ndege ardhini. Rubani ndiye huiendesha mbio kwa mkono wake, akiielekeza kwa miguu isitoke katika mstari, na ndiye huinua pua. Mpaka ndege iwe hewani ndipo otopailoti inaruhusiwa kuwashwa: katika Airbus nyingi si chini ya futi 100, katika Boeing 737 si chini ya futi 400, na wengi hungojea zaidi ya hapo.

Hatukatai kwamba mitambo husaidia. Uko ule unaosukuma vishikio vya nguvu za injini mpaka kipimo kilichowekwa, na uko ule unaochora mistari katika kioo kumwonyesha rubani pua iwe wapi. Lakini mstari hauinui pua. Na katika Boeing nyingi, mwendo ukifika karibu noti 80 mtambo ule wa nguvu huachia, usiweze kuvisogeza vishikio tena. Mkono wa kapteni ndio uliobaki juu yake. Kwa nini? Kwa sababu kuna mwendo mmoja uliopigiwa hesabu kabla ya safari, wenyewe huuita V1. Kabla ya mwendo huo, jambo likitokea, kapteni aweza kukata nguvu na kusimama. Ukishapita, hapana kusimama tena, barabara haitoshi, sharti aruke hata kama injini moja imekufa. Yeyote kati yetu aliyeshuka mteremko na mabehewa yaliyojaa, akaona ng'ombe relini, ajua nafasi ya kukata shauri ilivyo fupi.

Kutua kwa mtambo ni jambo la zamani: Trident ya BEA ilitua hivyo na abiria ndani tarehe 10 Juni 1965. Lakini kuruka? Ni Desemba 2019 tu ndipo Airbus walipoirusha A350-1000 mara 8 huko Toulouse kwa kamera na kompyuta. Yalikuwa majaribio, na marubani walikuwamo ndani wakiangalia.

Watatuuliza: na makosa ya binadamu je? Twayajua, tena yalitokea hapa kwetu. Tarehe 20 Novemba 1974, ndege ya Lufthansa aina ya 747 ilianguka ikiruka kutoka Nairobi. Watu 157 walikuwamo, 59 wakafa. Mabapa ya mbele ya mabawa hayakufunguka, kwa kuwa vali za hewa inayoyasukuma zilikuwa zimefungwa, na lawama ikamwangukia injinia wa ndege. Lakini hapakuwa na kengele ya kuwaambia. Baada ya msiba ndipo onyo likawekwa. Mtambo wa namna hiyo, wa kumwonya mtu kazini, sisi twaukaribisha kwa mikono miwili.

Sasa tazameni upande wa pili. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopia, 737 MAX, iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi. Safari ilikuwa ya dakika 6. Walikuwa 157, hesabu ile ile, na safari hii hakupona hata mmoja. Wakenya walikuwa 32. Kapteni alijaribu kuwasha otopailoti ikakataa, kisha ikakubali, kisha ikajizima baada ya nusu dakika hivi. Ndipo mtambo mwingine, MCAS, ukaanza kuisukuma pua chini kwa kuamini kipimo kimoja kibovu. Miezi michache nyuma, Oktoba 2018, mtambo huo huo uliua watu 189 wa Lion Air huko Indonesia, na marubani wale hawakuwa wameambiwa hata kwamba upo! Na bado walikuwako watu Marekani waliosema ni marubani wa nchi maskini wasiojua kazi. Januari 2021 Boeing walikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5. Mtu asiye na kosa hulipa kiasi hicho?

Mnaona basi kwa nini ule uvumi wa kitufe unapendwa. Katika ndege kubwa za zamani palikuwa na mtu wa redio, mtu wa kupima njia na injinia. Wote wametolewa, injinia katika ndege mpya za miaka ya 1980. Sasa yametajwa mashauri ya kumwacha rubani mmoja peke yake ndege ikiwa juu, mwenziwe akilala. Vyama vya marubani vikapiga kelele, na mwaka 2025 shirika la usalama wa ndege la Ulaya likasema haiwezi kuonyeshwa kwamba ni salama sawa na marubani wawili. Kelele ile haikuwa ya bure.

Sisi hatukuyalilia makaa dizeli zilipomwondoa mchochea moto. Lakini tulipoomba mtu wa pili katika injini za usiku tuliambiwa kuna kanyagio. Kanyagio yajua mguu upo. Haijui kama macho yameona.

Kwa hivyo tunalileta jambo hili mkutano wa tawi ujao: iandikwe barua ya kuwaunga mkono marubani, na katika barua hiyo hiyo tuulize tena habari ya mtu wa pili. Barua yetu ya kwanza haijajibiwa.