Ngumi si Posa

Katika mazungumzo yetu juu ya malezi, hakuna neno linalotuponza kama neno "tu". "Ni katuni tu," husema mzazi amwachapo mtoto mbele ya televisheni ili apate kupika kwa utulivu. "Ni kichekesho tu," husema mwalimu awaonyeshapo wanafunzi filamu siku ya kufunga shule. Kwa neno hilo dogo tunaacha mlango wazi usiku kucha, kisha tunashangaa asubuhi kukuta mgeni amelala kitandani mwa mtoto. Mtu akija na kitabu cha kutufundisha kwamba mwanamke ni kikombe cha mashindano, tutamzuia. Akija na picha za kuchekesha, tunamkaribisha na kumpa kiti.

Nichukue mfano mmoja wa zamani, maana mifano ya zamani huonyesha mizizi. Mwaka 1933, huko Marekani, kampuni ya Max Fleischer ilitoa filamu fupi ya katuni iitwayo Popeye the Sailor, iliyoongozwa na Dave Fleischer na kusambazwa na kampuni ya Paramount. Ilikuwa ya kwanza kumwonyesha baharia Popeye katika sinema. Kabla ya hapo alijulikana kwa wasomaji wa magazeti, ambamo mchoraji E. C. Segar alimtia mwaka 1929. Habari yake ni nyepesi. Popeye anashuka pwani na kumchukua Olive Oyl kwenda naye kwenye uwanja wa maonyesho na michezo. Bluto, jitu lenye ndevu na mabega mapana, anawafuata. Mabwana hao wawili wanapimana nguvu katika michezo ya uwanjani, huyu akitaka kumzidi yule mbele ya mwanamke. Popeye anapopanda jukwaani kucheza, Bluto anamnyakua Olive, anakwenda kumfunga kwenye reli, na garimoshi linakuja. Popeye anampiga Bluto, anameza spinachi, analipiga garimoshi ngumi moja, nalo linasimama. Hapo habari inakwisha.

Kabla ya kushutumu, haki idai chake. Filamu hiyo imechorwa kwa ustadi mkubwa. Kila kitu ndani yake kina uhai, na kila pigo lina mizani ya muziki. Mtu asemaye kwamba haichekeshi ama hakuitazama ama anajidanganya. Wala sisemi kwamba mtoto akiitazama mara moja atatoka nje kumpiga mwenziwe. Shutuma yangu ni juu ya kanuni. Kilichofanywa mwaka 1933 kiligeuzwa kuwa kinu cha kutwangia habari ile ile. Filamu za Popeye za sinema ziliendelea kutolewa hadi mwaka 1957, jumla yake 231, kisha zikafuatwa na nyingine nyingi za televisheni. Si kila moja ilirudia habari ya posa, lakini nyingi zilikuwa na umbo hilo hilo: wanaume wawili, mwanamke mmoja, ngumi, kopo la spinachi. Katika The Two-Alarm Fire ya mwaka 1934 wao ni wazima moto, na mwanamke yumo ndani ya nyumba inayoungua. Katika A Dream Walking ya mwaka huo huo, mwanamke anatembea usingizini, nao wanagombea nani amwokoe. Jambo likirudiwa hivyo kwa miaka mingi huacha kuwa kichekesho. Huwa somo.

Na somo hilo lina mafundisho matatu, yote mabaya.

La kwanza ni kwamba mwanamke hana kauli. Ajabu ni kwamba Olive Oyl alikuwapo kabla ya Popeye. Aliingia katika michoro ya Segar tangu ilipoanza mwaka 1919, zaidi ya miaka tisa kabla ya baharia huyo kuzaliwa kwa kalamu. Alikuwa mmoja wa wahusika wakuu, na magazetini alikuwa na ulimi mkali na maamuzi yake mwenyewe. Alipofika katika sinema akageuzwa kamba ya kuvutana: anabebwa, anafungwa, anapiga mayowe, anaokolewa. Hakuna amwulizaye, "Wewe, wamtaka nani?" Filamu nzima haina nafasi ya swali hilo, kwa sababu likiulizwa na kujibiwa mapema, ugomvi wote unakosa maana.

Najua yupo atakayenijibu kwa methali: fahali wawili hawakai zizi moja. Ni kweli, hawakai. Lakini mwanamke si zizi. Mwenye kutumia methali hiyo hapa amekwisha kubali, bila kujua, jambo lenyewe ninalolipinga. Methali ifaayo ni ile isemayo kwamba wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Tazama tena mwisho wa filamu hiyo: aliyefungwa relini si Popeye, wala si Bluto.

Fundisho la pili ni kwamba mapenzi huthibitishwa kwa ngumi. Bluto anapiga, naye ni mwovu. Popeye anapiga, naye ni shujaa. Tofauti yao si katika kitendo, bali katika nani aliyeanza na nani aliyeshinda. Mtoto hawezi kujifunza kutoka humo kwamba kupiga ni kubaya. Atajifunza kwamba kushindwa ndiko kubaya. Watengenezaji wenyewe, kwa werevu wao, waliuona upuuzi wa kanuni hii na kuuchekesha. Katika Hospitaliky ya mwaka 1937, Olive ni muuguzi, na wanaume hao wanashindana kuumia ili walazwe na kuuguzwa naye. Mwishowe Popeye anamlisha Bluto spinachi kwa nguvu, ili apigwe yeye. Kichekesho hicho ni kizuri kwa sababu kinasema kweli: katika mchezo huu, hata mshindi hutoka amevunjika. Lakini hata hapo, hakuna aliyemwuliza muuguzi.

Fundisho la tatu halisemwi sana, nalo latuhusu sisi kwa karibu zaidi. Jukwaani, pale Popeye anapokwenda kucheza, yupo Betty Boop akicheza hula, ngoma ya Hawaii. Michoro ya ngoma hiyo ilikuwa imekwisha tumika katika filamu nyingine ya kampuni hiyo hiyo, Betty Boop's Bamboo Isle ya mwaka 1932. Mcheza ngoma wa kweli alipigwa picha, kisha miondoko yake ikafuatishwa kwa kalamu. Sasa, hula si kitu cha kutingishia kiuno penye vichekesho. Kwa watu wa Hawaii ni ngoma inayokwenda pamoja na utenzi, ambamo husimuliwa nasaba, miungu, na habari za wafalme. Wamisionari waliipiga vita katika karne ya 19. Mfalme Kalākaua akairudishia heshima. Mwaka 1893 ufalme wa Hawaii ulipinduliwa, na mwaka 1898 visiwa vikatiwa chini ya Marekani. Miaka 35 baadaye ngoma ya watu hao imewekwa katika uwanja wa maonyesho, kati ya mchezo wa kupima nguvu na vioja vingine, ili baharia apande na kuidhihaki.

Msomaji wa Kitanzania hahitaji kwenda mbali kulielewa hilo. Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alilalamika kwamba wasomi wetu walifundishwa kucheza dansi za Kizungu, huku ngoma zao wenyewe wengi wao hata hawakuwahi kuzicheza wala kuzisikia. Taifa huanza kunyang'anywa ngoma yake siku ngoma hiyo inapogeuzwa kichekesho. Wahawaii walifanyiwa hivyo, nasi tulifanyiwa hivyo. Haifai sasa tuketi na watoto wetu tukicheka pamoja na wenye kucheka.

Sasa nijibu hoja za wapinzani, maana zipo na zina uzito.

Wapo wasemao: "Popeye ni mnyonge anayemshinda mwenye nguvu. Filamu hii ilitoka wakati wa dhiki kuu, ambapo Mmarekani mmoja kati ya wafanyakazi wanne hivi hakuwa na kazi. Mfukara alihitaji kumwona mfukara mwenziwe akishinda. Je, hilo nalo ni baya?" Hoja hii ni nzuri kuliko zote, nami naiheshimu. Lakini tumtazame anayepigwa. Bluto si mwenye benki, wala si mwenye kiwanda aliyefunga milango. Katika filamu nyingi za baadaye yeye ni mwenzake Popeye wa kazi moja: baharia kwa baharia, mzima moto kwa mzima moto. Hasira ya mnyonge imeelekezwa kwa mnyonge mwenziwe, na sababu yake imewekwa kwa mwanamke. Aliyewanyima wote watatu chakula hayumo katika picha hata kidogo.

Ushahidi mkubwa kabisa dhidi ya kanuni hiyo ulitolewa na wachoraji wenyewe. Mwezi Mei 1937, wafanyakazi wa kampuni ya Fleischer mjini New York waligoma. Walitaka mishahara bora, na chama chao kitambuliwe. Mgomo huo uliendelea hadi Oktoba. Fikiri, msomaji: watu waliochora maelfu ya ngumi, waliofundisha dunia kwamba kila shida huisha kwa kopo la spinachi, walipopata shida yao wenyewe hawakutafuta shujaa wa kuwapigania. Walikutana, wakajadiliana, wakasimama pamoja mlangoni. Walijua vema kwamba kanuni waliyoichora haifanyi kazi duniani. Ikiwa waliochora hawakuiamini, kwa nini sisi tuwalishe watoto?

Wapo pia wasemao kwamba mwandishi kama mimi asafishe kwanza nyumba yake. "Je, ngano zetu hazina wachumba wanaoshindana? Hazina mfalme anayemtoa binti yake kwa atakayemwua zimwi?" Zinazo, na si haki kuficha. Ngano ya namna hiyo yastahili shutuma ile ile, wala asili yake ya nyumbani isiiokoe. Utamaduni wa taifa si sanduku la kufungia kila kilichorithiwa. Ni shamba, na shamba hupaliliwa. Hata hivyo, katika bara letu iko namna nyingine ya ngano. Wachumba watatu, kila mmoja kwa kipaji chake, wanashirikiana kumponya msichana; kisha msimulizi ananyamaza na kuwauliza wasikilizaji: nani amstahili? Hapo ndipo baraza huwaka moto. Hakuna ngumi, kuna hoja. Msikilizaji hapewi mshindi, anapewa kazi ya kufikiri. Na mwanafunzi mwerevu wa siku hizi ataongeza swali ambalo mababu hawakuliuliza: yeye msichana anasemaje?

Swali hilo si la kuazima kutoka ng'ambo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya kila mmoja wa wanaofunga ndoa, na inatamka kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpiga mwenziwe. Sheria hiyo imeandikwa kwa wino. Lakini sheria isiyofundishwa utotoni hubaki kabatini. Kijana akiisoma akiwa na miaka kumi na minane, baada ya kujifunza kinyume chake kwa miaka kumi na minne ya vicheko, tusishangae akiiona ngeni.

Basi tufanye nini? Sishauri kupiga marufuku. Kilichopigwa marufuku hutazamwa gizani, na siku hizi giza hilo limo katika kila simu. Nashauri mwalimu aichukue filamu yenyewe, aionyeshe darasani, awaache wanafunzi wacheke, kisha aisimamishe pale garimoshi linapokuja na kuuliza: Nani aliamua mwanamke huyu awe hapa? Angesema nini kama angepewa nafasi? Yule aliyeshindwa amekosa nini, na mshindi amepata nini? Ngoma ile jukwaani ni ya nani, na wenyewe wangeionaje? Kisha wanafunzi waandike mwisho mwingine, ambamo Olive anasema neno. Kipindi kimoja cha namna hiyo kitafaa kuliko hotuba kumi.

Pili, tuchore wenyewe. Uwezo upo. Tangu mwaka 2014, katuni za Ubongo Kids zilizotengenezwa Dar es Salaam zimewafundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili, na watoto wamezipenda. Aliyeweza kuchekesha kwa hesabu ataweza kuchekesha kwa posa: kuna mshenga, kuna kujibizana, kuna shangazi asiyekubali upesi, kuna kanga yenye jina linalomjibu mtu bila kufungua kinywa. Mwanamke wa pwani amekuwa akijibu wachumba kwa kanga zamani sana. Hicho ni kichekesho tayari, nacho kina heshima ndani yake.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto anayecheka leo mbele ya picha ile atasimama kesho mbele ya mtu ampendaye, na huenda mwingine pia ampenda mtu huyo huyo. Saa hiyo atakuwa na ama mkono ama ulimi. Tumfundishe sasa kuuliza na kusubiri jibu, na jibu likiwa "la", aende zake kwa heshima.