Kununua simu mashariki mwa Congo: giga za ku boksi ao kazi yenye itafanya?

Inchini Congo, watu wengi walijua neno RAM kupitia inite zao zilizokatwa. Ilikuwa mwezi wa Septemba 2020, wakati serkali ilipoanza kukata kodi ya simu yenye kuitwa RAM: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G na 4G. Wanainchi walilalamika sana, na mwaka 2022 kodi hiyo ikaondolewa. Leo neno hilo limerudi kwa njia ingine. Iko imeandikwa kwa herufi kubwa ku boksi za simu, pembeni ya giga, megapikseli na nguvu ya batri. Safari hii, ni mteja mwenyewe anayetoa pesa kwa mapenzi yake.

Birere mu Goma, ao ku soko ya Kadutu mu Bukavu, swali la kwanza la mteja ni moja: "Iko na giga ngapi?" Muuzishaji anajibu kwa namba, na namba kubwa njo inashinda. Lakini kisha majuma machache, wengi wanarudi na malalamiko yenye hayahusu giga. Simu inazima saa nane ya muchana. Sauti haisikike mu kelele ya soko. SIM ya pili haishike rezo ku muji mudogo wenye familia inaishi. Namba zilikuwa za kweli, lakini hazikujibu mahitaji ya mwenye simu.

Kosa hilo ni la bei kali kwa wakati huu. Tangu mwisho wa Januari 2025, M23 ilipochukua Goma, banki za muji zilifunga milango, na pesa ya familia nyingi ikabaki ndani ya simu: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Mama muchuuzi anapokea malipo kwa simu. Mwanafunzi wa Kisangani anatumiwa pesa ya masomo kwa simu. Familia iliyokimbia inatafuta habari za ndugu kwa simu. Mutu mwenye kuweka dola 100 pembeni kwa miezi mingi hawezi kukosea mara mbili.

Namba zenye zinastahili kutazamwa

Haifai kusema kama vyuma vya ndani havina maana. Kuna kiwango cha chini, na simu ikiwa chini yake, hakuna ujanja wenye utaisaidia. Mwaka 2017, Google ilitoa Android Go, mfumo mwepesi kwa simu zenye RAM ya giga 1 ao chini yake. Lakini programu zinaendelea kuwa nzito: kuanzia Android 13, mfumo huo mwepesi wenyewe unaomba giga 2 kwa uchache. WhatsApp nayo, tangu Januari 2025, haifanye tena kazi ku simu zenye Android 4.4. Kwa hiyo simu ya zamani yenye bei ya chini sana inaweza kuwa safi kwa macho, kumbe imeisha kukufa kwa kazi yenye mteja anaitafutia.

Nafasi ya kuweka vitu ni vilevile. Simu yenye giga 16 haimuachie mwenyewe giga 16. Mfumo unachukua sehemu kubwa, kisha sauti na video za makundi ya WhatsApp zinajaza zenye zinabaki. Simu ikijaa, inaanza kukwama hata kama ni mupya. Hapo namba inasema ukweli, na mteja anapaswa kuisikiliza.

Namba zenye kupendeza macho

Kuna namba zingine zenye zinafaa kusomwa polepole. Siku hizi boksi nyingi zinaandika RAM ya giga 8, na pembeni, kwa herufi ndogo, 4+4. Maana yake simu iko na giga 4 za RAM ya kweli. Zile 4 zingine ni nafasi ya kuweka vitu yenye inaazimwa ili kusaidia RAM. Nafasi hiyo inakwenda polepole kuliko RAM yenyewe. Inasaidia kidogo, lakini haigeuze simu ya giga 4 kuwa ya giga 8, na haifai mutu aongeze pesa juu yake.

Megapikseli pia. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, mu China, yenye kutengeneza Tecno, Itel na Infinix, imekuwa ya kwanza kwa kuuzisha simu za kisasa Afrika. Moja ya siri zake haikuwa kamera yenye namba kubwa kuliko za wengine. Ilifundisha programu ya kamera itambue vizuri sura za watu weusi, ili mutu aonekane hata mwangaza ukiwa kidogo. Ikaweka nafasi ya SIM mbili, kwa sababu iliona kama Mwafrika anabeba kampuni mbili za rezo. Namba ya megapikseli peke yake haiwezi kueleza kazi kama hiyo. Tena, foto kubwa ikitumwa kwa WhatsApp njia ya kawaida, WhatsApp inaipunguza. Ndugu wa Uvira atapokea foto ndogo hata kama kamera ilikuwa ya bei kali.

Batri ni mufano wenye wakaaji wa vijiji wanaujua zaidi. Simu mbili zinaweza kuwa na batri ya mAh 5000, moja ikamaliza siku mbili, ingine ikalala mangaribi. Kioo, programu zenye kufanya kazi kwa siri, na zaidi rezo, njo vinaamua. Mahali antena iko mbali, simu inatumia nguvu nyingi kutafuta na kushika rezo. Mwenye kuishi Shabunda ao Walikale, akichagua 2G peke yake wakati hatumie intaneti, anaweza kuchunga batri yake. Na pale ambapo hakuna antena ya 5G, neno 5G ku boksi ni pesa ya bure.

Simu ya muzuri, lakini si ya hapa

Ndugu wa ngambo wanatuma zawadi, na zawadi hiyo inaonyesha vizuri tofauti kati ya vyuma na matumizi. iPhone 14 iliyouzishwa Marekani tangu 2022 iko na vyuma vya nguvu sana. Lakini haina tundu la SIM, inatumia eSIM peke yake. Mwenye kuipokea Bunia ao Beni anapaswa kuuliza kwanza kama kampuni yake ya rezo inatoa eSIM. Zingine zinakuja zimefungwa ku kampuni moja ya Marekani, na lazima zifunguliwe mbele ya kutumika. Tena, hakuna iPhone yenye kushika redio FM.

Redio hiyo si jambo dogo. Tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa mu inchi nzima kwa karibu majuma matatu. WhatsApp ilinyamaza, lakini redio haikuhitaji mega. Simu nyingi za bei ya chini zinashika FM zikichomekwa ekuta, kwa sababu waya wa ekuta njo unakuwa antena. Kwa familia yenye inategemea habari ya barabara na ya usalama, kitu hicho kidogo chenye hakiandikwe kwa herufi kubwa kinaweza kushinda kamera tatu.

Hata simu ya tochi, yenye vitufe, inapaswa kuingia mu hesabu. Haina WhatsApp, lakini kutuma na kupokea pesa kwa kubonyeza namba fupi na nyota kunafanyika bila intaneti, na batri yake inaweza kumaliza siku nyingi. Kwa motari ao mama wa soko, simu ya tochi kwa pesa na simu ya kisasa ya kawaida kwa WhatsApp vinaweza kumusaidia kuliko simu moja kubwa yenye kumaliza akiba yote, na yenye kupotea na kila kitu siku inapoibiwa.

Mbele ya kulipa

Mteja anaweza kupima mambo haya palepale ku duka. Aweke SIM zake zote mbili na apige simu. Asikilize sauti kwa nguvu yote akiwa inje, na atazame kioo ku jua. Afungue mipangilio aone nafasi yenye imebaki na namba ya Android. Abonyeze *#06#, alinganishe IMEI na ile ya ku boksi. Zisipofanana, airudishe. Hata zikifanana, achunge, maana kuna simu za bandia zenye zimetengenezwa kuonyesha giga zenye hazimo.

Muuzishaji atasema kama giga nyingi zinaongezea simu maisha. Iko na haki kwa sehemu. Mwanafunzi ao mutu mwenye kutengeneza video atahitaji RAM ya kweli, na afazali alipe. Lakini kwa wengi, kisha simu kupita kile kiwango cha chini, giga za kuongezea zinasaidia kidogo kuliko batri yenye kufika mangaribi, SIM mbili zenye kushika na sauti yenye kusikika. Mteja akianza kwa kueleza kazi yake, maongezi na muuzishaji yanageuka, na mara nyingi bei nayo inashuka.