Umejuaje? Swali la mzazi kwa mtoto anayejiandaa na insha ya shairi la Kiingereza



Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na vijana wetu wengi sasa wamejiinamia juu ya madaftari. Miongoni mwa maswali yanayowatia hofu katika somo la Kiingereza ni lile la insha juu ya mashairi. Kwa miaka mingi shule za Tanzania zimetumia diwani kama Growing Up with Poetry, iliyohaririwa na David Rubadiri wa Malawi, na Summons, iliyohaririwa na Richard Mabala. Aghalabu mtahiniwa hutakiwa achague mashairi mawili, kisha athibitishe hoja kwa kuyatumia. Wazazi wengi hukaa kando wakisema kuwa Kiingereza hakipandi, basi hawana la kumsaidia mtoto isipokuwa ada ya tuisheni. Sisi tunaona kwamba upo msaada mkubwa unaoweza kutolewa kwa Kiswahili, hapo hapo barazani, kwa neno moja: Umejuaje?

Tuanze na maradhi yenyewe. Kijana hupata kijitabu cha majibu, akakariri kwamba shairi fulani lina dhamira tano na tamathali nne. Akifika katika chumba cha mtihani akaulizwa ni kwa namna gani mshairi anaonyesha uchungu wa kutengana, humwaga dhamira zote tano kama zilivyo. Karatasi inajaa, wino unakwisha, na swali linabaki pale pale halijaguswa. Alama zikitoka chache, nyumbani tunasema mtoto hakusoma. Amesoma sana, lakini amesoma majibu ya mtu mwingine kwa swali jingine.

Insha ya kuchambua shairi husimama juu ya nguzo tatu: dai, ushahidi na maelezo. Dai ni jambo ambalo kijana anasema shairi linalifanya. Ushahidi ni neno au mshororo wa shairi unaolitia nguvu dai hilo. Maelezo ni daraja baina ya viwili hivyo: yanaonyesha jinsi neno lile linavyotufikisha kwenye dai hili. Vijana wengi hujenga nguzo mbili za mwanzo, wakaisahau ya tatu, ilhali hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba mwandishi amefikiri.

Tuchukue mfano tulioutunga kwa ajili ya somo hili. Shairi linamzungumzia mama ambaye mwanawe amekwenda mjini na hajarudi. Kila Ijumaa mama hulitoa sandukuni shati la mwanawe, hulianika juani lisishike ukungu, na jioni hulikunja akalirudisha. Katika ubeti wa mwisho tunaambiwa kwamba kamba ya kuanikia imelegea, lakini shati lingali jipya.

Mwanafunzi wa kwanza anaandika: "Mshairi ametumia taswira ya shati. Taswira hii inalifanya shairi livutie." Hajakosea, lakini hajasema kitu. Sentensi hiyo inaweza kubandikwa kwenye shairi lolote duniani. Mwanafunzi wa pili anaandika: "Mshairi anaonyesha kwamba kungoja humchakaza anayengoja. Kamba imelegea ilhali shati lingali jipya. Kilichobeba kimechoka, na kilichobebwa hakijavaliwa. Miaka haikupita juu ya nguo, imepita juu ya mama." Huyu ametoa dai, ametaja maneno ya shairi, na ameeleza yanavyofanya kazi. Tena hakuhitaji kutaja tamathali kumi. Moja iliyofafanuliwa vyema imemtosha.

Jambo jingine ni kumtambua anayesema. Mshairi na msemaji ndani ya shairi huenda wasiwe mtu mmoja, na kijana anayewachanganya hupotea njia mapema. Hili halipaswi kuwa geni kwetu. Utenzi wa Mwanakupona, uliotungwa mnamo mwaka 1858, ni kauli ya mama kwa binti yake, na kila anayeusikia huelewa kwamba uzito wa nasaha umo katika nani anamwambia nani. Kijana na aliulize shairi la Kiingereza swali lile lile: Nani anasema? Anasema na nani? Ana hali gani moyoni? Je, mwisho wa shairi angali na hali ile ya mwanzo? Pale hisia zinapogeuka ndipo mara nyingi penye kiini cha shairi, na ndipo pa kupatafutia dai.

Tahadhari pia juu ya umbo. Mtoto aliyelelewa na kasida na tenzi ana sikio la vina na mizani, nayo ni neema. Lakini mashairi mengi ya Kiingereza yanayosomwa shuleni ni mashairi huru, hayana vina vya kudumu. Asiandike kwamba shairi lina upungufu kwa kukosa vina. Atazame mshororo unakatwa wapi, neno gani limerudiwa, ubeti upi ni mfupi kuliko mingine, kisha ajiulize ukato ule au urudiaji ule unaongeza nini katika maana.

Ama kuhusu muda, tuseme insha moja imetengewa dakika 40. Dakika 10 za kwanza na ziwe za kulisoma swali, kupigia mstari neno linalotoa amri, kukumbuka mashairi yanayofaa na kuandika mpango mfupi. Dakika 25 ni za kuandika: utangulizi mfupi unaolijibu swali moja kwa moja, aya mbili au tatu kwa kila shairi, na hitimisho. Dakika 5 za mwisho ni za kusahihisha. Ikiwa mtihani umeleta shairi ambalo kijana hajawahi kuliona, alisome mara mbili kabla ya kushika kalamu: mara ya kwanza aelewe kinachotokea, mara ya pili atafute maneno yaliyomshtua.

Sasa turudi kwa mzazi. Mara mbili kwa juma, baada ya Isha, mwambie mwanao akusimulie shairi moja kwa Kiswahili. Akisema, "Mama katika shairi hili ana huzuni," muulize: Umejuaje? Akikutajia neno la shairi, muulize tena: Neno hilo limekuonyeshaje huzuni? Akishindwa, usimkemee, mrudishe kwenye kitabu atafute. Akishaweza kujibu kwa Kiswahili, aandike jawabu lile lile kwa Kiingereza chepesi cha sentensi fupi. Fikra ikishanyooka, lugha hupata pa kushika. Mkubwa wake au jirani anayekijua Kiingereza anaweza kumsahihishia sarufi.

Katika kipindi cha jioni kinachofanyika kando ya msikiti wetu tumekuwa tukiwahimiza vijana kufanya hivi wawili wawili, mmoja akidai na mwenzake akiuliza. Wazazi wasio na nafasi nyumbani wanaweza kuanzisha utaratibu kama huo mtaani kwao. Haugharimu chochote zaidi ya mkeka na taa.

Faida yake haiishii kwenye mtihani. Kijana aliyezoea kuulizwa "umejuaje" hatapokea kila habari inayorushwa kwenye simu, wala hatamsema jirani kwa jambo alilolisikia tu. Atazoea kutafuta ushahidi kabla ya kufungua kinywa, na hayo ni malezi ambayo mzazi anaweza kuyatoa hata kama hajui neno moja la Kiingereza.