Hakuna nafasi 250,000 Ujerumani, wasee

Wasee, hii stori ya "Ujerumani inataka Wakenya 250,000" tuizike leo. Kuna ajenti amezunguka huku Tawa na hiyo namba, na mjomba wangu akaiamini. Ameuza ng'ombe wawili, pesa ikaenda kwa ajenti ya "kushikilia nafasi" ya kijana wake. Nafasi gani sasa?

Mkataba upo, sikatai. Ulitiwa saini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, Ruto na Kansela Scholz wakiwa hapo. Vyombo vya habari vikarusha 250,000, na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikakanusha waziwazi: mkataba hauna idadi yoyote. Namba ilifika Tawa mbio sana. Kukanushwa kwake hakujafika mpaka leo. Na kuna kipande ambacho ajenti hakusomei: mkataba huohuo unahusu pia kurudishwa kwa Wakenya wasio na ruhusa ya kukaa kule, hata kama pasipoti yao imeisha muda.

Njia ya kweli ni ngumu na haina magendo. Chukua Ausbildung, yale mafunzo ya kazi. Unasoma huku unafanya kazi, na mwajiri ndiye anakulipa wewe kila mwezi. Uuguzi ni miaka mitatu. Kwa kawaida wanataka Kijerumani cha B1, na hiyo ni miezi mingi ya kukaa chini na kitabu. Kwa hivyo mtu akikuitisha laki mbili akupeleke bila hata neno moja la Kijerumani, huyo anauza nini?

Kinachonichoma zaidi ni historia. Mwaka 1849 Mjerumani anaitwa Krapf aliingia Ukambani, akafika Kitui kwa Kivoi, na Mlima Kenya akauona akiwa hukohuko. Hakuna aliyemwitisha cheti cha Kikamba. Alijifunza kwa watu wetu, bure. Baadaye wamisionari wa Kijerumani wakaja kujenga Ikutha na Mulango. Hata leo Mjerumani akistaafu Diani tunamwita mwekezaji. Kijana wa Tawa akitaka kwenda kwao lazima auziwe ng'ombe kwanza, na anayemuuzia ndoto ni Mkenya mwenzake. Hapo siwezi kuwalaumu Wajerumani, enyewe.

Serikali nayo isijifiche. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ina orodha ya mawakala waliosajiliwa. Mbona haijabandikwa kwa chifu, kwa lugha ambayo mjomba anasoma? Mkutano wa siasa hapa hutangazwa na spika juu ya gari siku tatu mfululizo. Hilo gari halina mafuta siku zingine?

Na sisi wenye simu tuna makosa. Tulishea hiyo namba. Mimi mwenyewe niliipost.

Binamu yangu anajifunza Kijerumani kwa simu usiku, amefika kwa kuhesabu. Ng'ombe hawajarudi. Jana ajenti ameweka status mpya: zimebaki nafasi 40.