Mfuko wa karatasi ukae karibu na mlango



Siku ya likirimba, mama mmoja alitungojea mpaka wengine wakatoka. Akatuuliza: «Mwalimu, binti yangu amemaliza chuo, upande wa sayansi. Anasema kuna watu wanaoweza kumlipia masomo mengine ili afanye utafiti. Ni kweli, ao wanataka kumdanganya? Baba yake anasema aolewe tu.»

Mama, ni kweli. Tunajibu hapa, maana si wewe peke yako mwenye swali hilo.

Bourse ya utafiti ni feza anazopewa mtu aliyekwisha kumaliza chuo, ili asome masta ao doktora huku akichunguza swali moja kwa miaka kadhaa. Wanaochagua wanataka kuona pointi nzuri, walimu wanaomjua na kumsemea, na zaidi ya yote swali lenye maana.

Kwa upande wa maswali, sisi wa Kibati hatuna njaa. Tunakataza watoto kuingia mabonde yenye mazuku, hewa ile inayoua mbuzi na mtu bila kuonekana. Wataalamu wa volkano wa nchi za mbali nao wanaandika «mazuku», kwa Kiswahili chetu. Ndani ya Ziwa Kivu mna gesi ya metani, karibu kilomita za ujazo 60, na tangu 2016 kiwanda cha KivuWatt upande wa Rwanda kinatoa umeme humo. Na maji ya mvua tunayokinga kwenye mabati, moshi wa Nyiragongo unayafanyia nini? Binti aliyekulia hapa akiandika swali kama hilo, anaandika maisha yake.

Aanze na milango miwili. Wa kwanza ni Pan African University ya Umoja wa Afrika, inayolipia masta na doktora. Taasisi yake ya sayansi na teknolojia iko Juja, Kenya. Ya maji na nishati iko Tlemcen, Algeria. Katika matangazo yake wanawake wameongezewa miaka: kwa masta mwanaume asipite 30, mwanamke 35, kwa doktora 35 na 40. Basi aliyezaa kwanza hajafungiwa. Lakini Juja wanafundisha kwa Kiingereza; aanze kujifunza leo.

Mlango wa pili ni OWSD, jumuiya ya wanawake wanasayansi yenye ofisi Trieste, Italia. Inalipia doktora kwa wanawake wa nchi kama yetu, wakasome katika nchi nyingine inayoendelea, si kwao. Binti awe na masta, na barua ya chuo kitakachompokea. Masharti na tarehe hubadilika, basi asome tangazo la mwaka wenyewe.

Sasa neno linalotuumiza. Usiku wa tarehe 22/05/2021, Nyiragongo ilipolipuka, tulikimbia na watoto, godoro na sufuria. Diploma yetu ya ISP ilibaki nyumbani. Nyumba ilipona, nayo ikapona. Nyumba ya jirani yetu ilifunikwa na lava, pamoja na karatasi zote za binti yake. Pointi za kuomba alikuwa nazo. Lakini mwaka mzima ulipita akifuata nakala, ofisi kwa ofisi, na tarehe ya kuomba ikapita. Na vita, je, imetukimbiza mara ngapi?

Kwa hiyo, kila mama aweke ndani ya mfuko mmoja wa plastiki diploma ya Serikali, karatasi za pointi za kila mwaka wa chuo na cheti cha kuzaliwa. Apige picha kwa simu, amtumie ndugu wa mji mwingine na imeli ya binti. Mfuko ukae karibu na mlango, pale mkono unapofika gizani.

Barua ya mwalimu iombwe mwezi mmoja mbele, si usiku wa mwisho. Na mtu akidai dola ili «apitishe jina», mfukuzeni.

Kuhusu kuolewa, hatukuja kugombanisha nyumba. Mwambie baba watoto kwamba kuomba kunahitaji jioni chache tu: mwingine asonge bugali, binti aandike. Akikubaliwa, mtaongea mkiwa na jambo mkononi. Akikataliwa, aombe tena mwaka ujao. Na sisi wa likirimba tuongee kama zamu moja inaweza kusaidia paspoti.

Mama uliyetungojea, siku ya posho mlete binti na karatasi zake. Tutazipanga pamoja juu ya meza ya darasa la sita.

Mpaka juma lijalo.